Ruta Mbili, Kifo Kimoja

Ukitaka kujua kama mtandao wa benki au hospitali mjini Goma ulifungwa na fundi hodari, usihesabu vifaa. Ruta mbili na fayawoli mbili zilizopangwa kabatini hupendeza macho, ila la kuuliza ni hili: je, kuna jambo moja linaloweza kuziua zote kwa pamoja? Goma ina ushahidi wa kutosha. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilikata mji katikati hadi Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikafika Buhene ukingoni mwa mji, na siku tano baadaye wakazi wa mitaa mingi wakaamriwa kuhama. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme na maji vilikatika. Katika mji kama huu, ruta mbili zinazotegemea laini moja ya umeme, na fiba za kampuni mbili zilizolazwa mtaro mmoja kuelekea mpaka wa Rwanda, ni kifaa kimoja kilicholipiwa mara mbili. Fundi mzuri huifuata kila njia hadi inakoishia: moja ikiwa fiba, ya pili iwe redio au setilaiti, na kila ruta iwe na betri yake.

Kabatini kwenyewe, kubadilishana zamu kwa ruta si kazi ngumu. Katika VRRP, itifaki inayosimamia zamu hiyo, ruta kuu kwa kawaida hutangaza uhai wake kila sekunde. Ikinyamaza, ya akiba hutwaa anwani ileile kabla ya sekunde nne kwisha. Ugumu uko kwenye fayawoli. Ya pili isipopokea mapema kumbukumbu za mawasiliano yaliyo wazi, itayakataa, na karani ataanza muamala upya. Mbaya zaidi ni ruta iliyo nzima ambayo fiba yake imekatika mbele: huendelea kujitangaza hai huku ikipoteza kila kinachopita. Mpangilio unaopima ruta bila kupima njia iliyo mbele yake ni kazi ya mwanagenzi, hata vifaa viwe vya bei gani.

Wapo watakaosema gharama ni kubwa. Kwa ofisi ndogo wana haki: ruta moja ya akiba, yenye nakala ya mpangilio, inatosha. Lakini wanaodai kwamba majaribio yanahatarisha huduma siwaelewi, maana hitilafu haitaomba ruhusa. Mwambie fundi ang'oe waya wa umeme wa ruta kuu mchana, kazi ikiendelea. Akikataa, usimlipe awamu ya mwisho.