Berlin Ambayo Gurnah Hakututembeza

Katika Afterlives (2020), Abdulrazak Gurnah anatuzungusha mji wa pwani mpaka vumbi la karakana ya seremala tunalisikia puani. Lakini Ilyas akishaenda Ujerumani, basi, mlango unafungwa. Tunaambiwa tu aliimba, akaandamana na waliotaka makoloni yarudishwe, akafia kambini Sachsenhausen. Mitaa ya Berlin hatuioni.

Ati mwisho umeharakishwa? Mimi naona umepimwa. Mpwa wake anamtafuta kwenye makaratasi, na makaratasi hayana vichochoro wala sauti za majirani. Tunachokosa sisi ndicho alichonyang'anywa Ilyas.

Yupo mtu wa kweli mwenye maisha kama hayo: Bayume Mohamed Husen wa Dar es Salaam, aliyefundisha Kiswahili Berlin na kuhudumia wateja mezani, akafia Sachsenhausen 1944. Leo kibao kidogo chenye jina lake kimepachikwa njiani, Brunnenstraße. Kule Neukölln, mtaa uliokuwa wa Wissmann, gavana wa koloni, tangu 2021 unaitwa kwa jina la Lucy Lameck.

Nami nasoma haya Garsen. Jirani zetu Witu walikuwa chini ya Wajerumani toka 1885 hadi 1890. Ngao hapa, wamishonari wao waliingia 1887. Sehemu kubwa ya habari hizo imelala kwenye makabati ya Ujerumani. Mtoto wa Tana akizitaka, itabidi naye akabishe hodi huko, kama yule mpwa.