Ukataji wa Kiotomatiki wa Pambizo katika Michoro ya Uigaji: Uhakiki

Sehemu hii inahakiki desturi iliyozoeleka miongoni mwa watafiti wa uigaji wa kompyuta, yaani kuiachia programu ikate pambizo za michoro kabla ya kuihifadhi kwa ajili ya mawasilisho. Desturi hiyo husifiwa kwa kuokoa muda na kuleta ulinganifu. Sifa ya kwanza inastahili. Ya pili inahitaji kuchunguzwa.

Tuchukue mfano wa Matplotlib, programu iliyoasisiwa na John D. Hunter. Tangu toleo la 2.0, mchoro ambao mtumiaji hakuubadili vipimo huwa na upana wa inchi 6.4 na kimo cha inchi 4.8, kwa nukta 100 kwa kila inchi, faili huwa na pikseli 640 kwa 480. Hata hivyo, mtumiaji akiagiza pambizo zikatwe, programu hupima yaliyomo na kuondoa nafasi tupu inayoyazunguka. Hapo vipimo vya faili hutegemea maandishi: mhimili wenye tarakimu nne huhitaji nafasi kubwa kuliko wenye tarakimu mbili. Michoro miwili ya namna hiyo ikijazwa katika slaidi za upana mmoja, urefu uleule ukutani hauwakilishi tena kiasi kilekile.

Mtafiti alilitambua kosa hilo katika kazi yake mwenyewe. Katika semina moja, mchirizi wa halijoto ulionekana kupanda kutoka slaidi moja hadi nyingine, na msikilizaji akauliza sababu yake ya kifizikia. Sababu haikuwapo, kilichosogea ni fremu.

Hoja ya msingi, basi, ni kwamba ulinganifu hautokani na kukata baada ya kuchora, bali na kuamua kabla ya kuchora: ukubwa wa fremu, nafasi ya mihimili ndani yake, na mipaka ya mihimili hiyo. Mipaka ikiachwa ijipange yenyewe, wimbi dogo na wimbi kubwa huonekana sawa.

Inaweza kudaiwa kwamba mipaka isiyobadilika huficha mabadiliko madogo. Dai hilo lina uzito, lakini tiba yake ni mchoro wa pili uliokuzwa na kutajwa hivyo waziwazi. Kwa hiyo, skripti ya kuhifadhi michoro ni sehemu ya mbinu za utafiti, na inapaswa kuwekwa kwenye kiambatisho ili mtahini aikague.