Ngazi ya Mbao Huhukumiwa kwa Kushuka

Wahenga walisema, Mpanda ngazi hushuka. Sisi walimu twawafundisha watoto methali hii kwa maana ya majivuno: aliyepanda cheo asiwadharau walio chini, kwani siku yake ya kushuka yaja. Maana hiyo ni njema, lakini yaonekana tumeisahau maana ya kwanza, ile ya mti na mguu. Apandaye hukiona kila kipandio mbele ya macho yake. Ashukaye huutuma mguu mahali asipopaona vema. Basi ngazi haihukumiwi kwa kupanda, huhukumiwa kwa kushuka. Kwa kipimo hicho nataka kuzihakiki ngazi za mbao ambazo watu wetu wanaojenga nyumba za ghorofa huwaagiza maseremala siku hizi.

Kwanza tulitazame neno. Kwa Kiswahili, ile ya kuegemeza ukutani ni ngazi, na ile iliyojengwa ndani ya nyumba ni ngazi vile vile. Lakini ya kwanza ina vipago, na mwenye kushuka huielekea, akashika kwa mikono. Ya pili ina vipandio, ambavyo wengine huviita daraja, na mwenye kushuka huipa mgongo, pengine amebeba mtoto au sinia. Fundi asiyetenga mambo haya mawili hutengeneza ngazi ya kuegemeza, kisha huipaka vanishi na kuiita ngazi ya nyumba.

Tena ngazi ya nyumba ni kama kanzu ya kupimiwa. Hukatwa kwa kimo cha nyumba ile moja, na ngazi ya jirani haiwezi kuazimwa. Hapo ndipo penye heshima ya seremala, na hapo ndipo makosa yaanzapo.

Nitatoa mfano mmoja. Jamaa yangu mmoja alijenga nyumba, akaagiza ngazi ya mninga. Mbao zilikuwa nzuri ajabu, zenye mishipa ya rangi ya asali, na kila mgeni aliisifu. Lakini fundi aliupima urefu wakati sakafu ya juu ilikuwa zege tupu. Baadaye wakaja waweka vigae, wakaiinua sakafu ile kwa sentimita 4. Vipandio vyote vilikuwa na kimo cha sentimita 17, ila cha juu kabisa kikawa na 21. Hakuna aliyekiona kipandio hicho, maana jicho halipimi kwa sentimita. Shangazi yangu alikiona kwa mguu. Alfajiri alitoka chumbani, akashusha mguu mahali alipodhani pana ubao, akakuta hewa. Alivunjika mkono. Watu walisema, mzee ameteleza. Nami nasema hakuteleza, alidanganywa.

Kwa maana mwili una hesabu yake. Mtu akikanyaga vipandio viwili vya kwanza, mguu umekwisha kujifunza kimo, wala hauulizi tena. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya ngazi ni usawa, kabla ya uzuri. Kanuni ya pili ilitolewa na Mfaransa François Blondel katika kitabu chake cha ujenzi cha mwaka 1675: kimo cha kipandio mara mbili, pamoja na upana wa kukanyagia, yapasa kuwa sawa na hatua ya mtu. Yeye alihesabu inchi 24 za Kifaransa za wakati ule, yaani karibu sentimita 65; wajenzi wengi leo hutumia 63 au karibu na hapo. Tuseme toka sakafu hata sakafu ni sentimita 289. Gawanya kwa 17, wapata vimo 17 vya sentimita 17. Mara mbili ni 34. Ongeza upana wa 29, jumla 63. Lakini ngazi hiyo yataka nafasi ya sentimita 464 kwa urefu wake, nayo ndiyo wenye nyumba huionea uchungu. Huifinya ngazi ili wapanue sebule, na sebule hiyo hulipiwa na magoti ya wazee.

Sasa mbao zenyewe. Ubao hautulii kama jiwe. Hunywa unyevu na kuutoa, hupanuka na kusinyaa kwa mapana yake, na kwa urefu wake kidogo sana. Mninga umesifiwa kwa kuwa hausinyai sana ukisha kukauka, na mbambakofi pia ni mti mtulivu na mgumu. Lakini hata mti mwema ukijengwa mbichi utalegea katika mifuo yake, kabari zitacheza, na ngazi italia kila usiku. Mwenye haraka hulaumu mti. Haki ni kulaumu haraka.

Ngazi moja ya mbali, niliyoijua kwa picha, yafaa kutajwa. Ni ya nyumba iliyojengwa mwaka 1908 huko Pasadena, California, kwa ajili ya David na Mary Gamble. Waliochora ni ndugu wawili, Charles na Henry Greene, na useremala ulikuwa wa ndugu wengine wawili, Peter na John Hall. Ukumbi na ngazi ni vya msaji wa Burma. Kona zimelainishwa hata mkono usikwaruzwe, na maungio hayakufichwa, yameonyeshwa kama jambo la kujivunia. Husimuliwa kwamba warithi walitaka kuiuza, wakamsikia mnunuzi akisema atazipaka mbao rangi nyeupe, wakakataa kuuza. Mwaka 1966 nyumba ikatolewa iwe mali ya watu wote.

Naisifu kazi hiyo, ila nina neno. Mkono wake wa ngazi hupanda kwa vituo vituo, pamoja na vipandio. Kwa macho ni fahari. Lakini kiganja cha mzee chataka kuteleza toka juu hata chini pasipo kuachia. Hata mafundi wakubwa, basi, waliwahi kulipendelea jicho kuliko mkono.

Kwa hiyo namshauri kila mwenye kujenga: usilipe ngazi kwa kuitazama ukiwa umesimama chini. Subiri vigae viwekwe ndipo fundi apime, au mpe unene wake mapema. Kazi ikiisha, panda juu, beba kitu mikononi, ushuke polepole. Miguu ikinyamaza, mlipe fundi na kumshukuru.

Shangazi yangu sasa hulala chumba cha chini. Ngazi ile ingali yang'aa, na wageni wangali wanaisifu.