Kiganja cha Muezekaji

Saa nane za mchana, mwezi wa Februari, nyumba ya bati hapa Bunia haikaliki. Mji uko juu, kama mita 1,275 kutoka usawa wa bahari, na usiku lazima ujifunike blanketi. Lakini jua la karibu na ikweta likishapiga bati, joto lote linashuka vichwani mwa watu. Mvua nayo ikianza, mazungumzo yanakoma.

Ndiyo maana nikishika njia ya Bogoro na Kasenyi hupenda kusimama panapoezekwa nyumba ya nyasi.

Kazi inaanza mbali na nyumba. Nyasi hukatwa wakati wa kiangazi, zikiwa zimekomaa na kukaukia shinani. Zikikatwa mbichi huoza mapema. Kisha zinachambuliwa: mganda hupitishwa vidoleni, majani laini na magugu yakaondoka, yakabaki mabua marefu yaliyonyooka. Mtu mwenye haraka hujulikana hapo hapo.

Makombamoyo hupewa mwinuko mkali, karibu nyuzi 45, kwa kuwa nyasi haziyazuii maji kama bati. Tone hukimbia kutoka bua hadi bua likafika upenuni kabla halijazama. Paa likilala, litavuja tu. Fundi anaanzia chini, upenuni, mganda baada ya mganda, akifunga kwenye fito, na kila safu inaficha vifungo vya safu iliyotangulia. Anapigapiga ncha zilingane. Anabonyeza, anatulia kidogo, anaongeza konzi moja. Pengine anaiondoa tena.

Huko kubonyeza ndiko kunakonishangaza. Kinachozuia joto hasa ni hewa iliyotulia katikati ya mabua. Mganda ukilegea, upepo hupenya na hewa ikaanza kutembea. Ukikazwa kupita kiasi, hewa inakosa mahali, na unyevu ukiingia hautoki. Sufu ya kioo, inayojazwa ndani ya kuta na dari za nyumba za nchi za baridi, na ambayo Marekani ilianza kuitengeneza kwa wingi katika miaka ya 1930, inafuata kanuni hiyo hiyo: wanaoifunga huonywa wasiigandamize, wala wasiache pengo hata la kidole. Chuma cha bati hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko sufu hiyo. Muezekaji wa Bogoro anapima yote hayo kwa kiganja.

Simaanishi mji urudi kwenye nyasi. Nyumba zikisongamana, cheche moja inaweza kumaliza mtaa, na mkoa wetu wa Ituri umeshaona mapaa mengi mno yakiteketezwa vitani tangu mwisho wa 2017. Wengi waliokimbia moto huo wanaishi chini ya maturubai, kambini Kigonze na kwingineko, na turubai mchana ni kali kuliko hata bati.

Lakini wewe mwenye bati, weka plafon, yaani dari, hata kama ni ya mikeka ya matete. Acha nafasi ya hewa juu yake, na matundu chini ya upenu ili joto la bati lipate pa kutokea. Na kabla hujamwita seremala, tafuta mzee aliyewahi kuezeka nyasi, akuonyeshe pa kubana na pa kulegeza.