Estadio Nacional ya San José: Huu Uwanja Acheni Tu!

Jamani, huu uwanja unaufikia kwa miguu! Unashika barabara ya Paseo Colón kuelekea magharibi, mji unakatika ghafla, na mbele yako ni bustani ya La Sabana: miti mirefu, ziwa, watoto wanapigana chenga nyasini, wazee na mbwa wao. Halafu, juu ya miti, mapaa mawili meupe yaliyopinda yanachomoza. Ndio wenyewe, uwanja wa taifa wa Costa Rica.

Bustani yenyewe ina historia yake. Zamani hapa palikuwa uwanja wa ndege wa kimataifa, na jengo la abiria bado lipo upande wa mashariki. Siku hizi ni makumbusho ya sanaa. Ardhi nzuri hivi, katikati ya jiji kuu, na hawakuikata viwanja wakauziana. Waliwaachia wananchi. Nimewapenda kwa hilo kabla hata sijaingia getini.

Uwanja wa kwanza ulijengwa hapa mwaka 1924, ukavunjwa 2008. Huu wa sasa ulifunguliwa Machi 26, 2011, kwa msaada wa China wa takriban dola milioni 100, baada ya Costa Rica kuachana na Taiwan mwaka 2007 na kuanzisha uhusiano wa kibalozi na Beijing. Mechi ya ufunguzi ilikuwa dhidi ya China hiyohiyo, ikaisha 2-2. Mtu aliyezoea kwenda kwa Mkapa pale Dar es Salaam hatapata ugeni: mkono wa China ni uleule, na njia ya riadha imezunguka nyasi vilevile. Tofauti ni kwamba kwa Mkapa wanaingia 60,000, hapa 35,000 hivi, na kwangu huo udogo ndio utamu wenyewe.

Pandeni safu za juu, tafadhali! Kweli, njia ya riadha inakusogeza mbali na wachezaji, na shabiki wa nyuma ya goli atalalamika. Lakini kutoka juu unaona mchezo mzima unavyofunguka, winga akipasua, beki akichelewa kurudi, na ukiinua macho kidogo tu, milima ya kijani imekaa palepale nyuma ya jiji. Mchana mawingu yanateremka kutoka huko. Mvua ikianza, paa la jukwaa kuu linavuma mpaka mnaongea kwa kupigiana kelele, maji yanachirizika ngazi kwa ngazi upande usiofunikwa, na hakuna anayeondoka.

Nikiwa pale juu nilikuwa naiwaza Oktoba 7, 2017 tu. Kimbunga Nate kilikuwa kimeiahirisha mechi kwa siku moja, Honduras wanaongoza, dakika 90 zimekwisha. Dakika ya tano ya nyongeza inaingia krosi, na Kendall Waston, beki mrefu kama mnazi, anapaa na kuupiga kichwa. Nyavuni! 1-1, Costa Rica wanakwenda Kombe la Dunia Urusi. Nimeitazama video ya goli lile mara zisizohesabika, lakini kuona kwa macho yangu nyasi zenyewe, mwili ulinisisimka.

Na wanawake wamecheza fainali mbili za dunia hapa: mwaka 2014 Japani iliifunga Hispania kwenye kombe la chini ya miaka 17, na 2022 Hispania ikalipa kisasi kwenye lile la chini ya miaka 20. Timu mbili zilezile, uwanja uleule!

Nje, msipite bila kununua copo. Muuzaji anakwangua barafu, anaimwagia sharubati nyekundu, anaweka maziwa ya unga, anamalizia na maziwa mazito ya kopo. Tiketi chukueni ya jukwaa lenye paa, koti la mvua liwe begani, na fikeni mapema mzunguke bustani yote kwanza.