Wanaosikiliza Mwamba

Mnunuzi mzoefu wa chungu hukigonga kwa kidole na kutega sikio, maana ufa usioonekana kwa macho husikika. Kuna watu wanaoigonga sakafu ya bahari vivyo hivyo, na kwangu mimi ufundi wao unastahili sifa kubwa kuliko unazopewa.

Mwaka 2021 meli ya utafiti Marcus G. Langseth ilifanya kazi hiyo kwa siku 41 katika eneo la Cascadia, nje ya pwani ya Marekani na Kanada. Huko bamba la ganda la dunia liitwalo Juan de Fuca linazama chini ya lile la Amerika Kaskazini, sentimita chache kila mwaka, lakini mabamba hayo mawili yamenasana. Yalipochomoka kwa kishindo Januari 26, 1700, misitu ya pwani ilididimia, na mawimbi yakavuka bahari hadi Japani, ambako watu waliyaandika bila kujua yalikotoka. Sisi wa Afrika Mashariki tusiseme hayo ni ya mbali. Tetemeko la Sumatra la Desemba 26, 2004 lilitokea kwenye mpaka wa aina hiyohiyo, na mawimbi yake yaliua watu Somalia na hata Dar es Salaam.

Ili kuusikiliza mpaka kama huo, nyuma ya meli hukokotwa mizinga ya hewa iliyoshindiliwa, pamoja na kebo ya kilomita 15 yenye haidrofoni tele, yaani vinasa sauti vya majini. Mizinga ikifyatuka, sauti hupenya maji, mashapo na mwamba, na kila ikutapo tabaka jipya sehemu yake hurudi juu. Nyangumi akisogea karibu, mizinga hunyamazishwa hata kama saa za kazi zitapotea. Ni haki yake, bahari ni kwake.

Lakini ninachokisifu zaidi huanza meli ikishatia nanga. Mwangwi hudanganya. Sauti iliyodunda mara mbili kati ya uso wa maji na sakafu huchora tabaka lisilokuwepo. Tabaka lililoinama huonekana mahali pasipo pake. Ukikosea kukadiria mwendo wa sauti ndani ya mwamba, ufa wenyewe, pale mabamba yanapokutana, unauchora juu au chini ya ulipo. Basi mafundi hawa hukusanya mirindimo mingi iliyogusa sehemu moja kutoka pembe mbalimbali, huilaza pamoja mpaka ya kweli ikolee na makelele yafifie, kisha hukadiria mwendo upya, wakachora tena, na tena. Anayependa majibu ya haraka hawezi kazi hii.

Juni 2024 timu iliyoongozwa na Suzanne Carbotte wa Chuo Kikuu cha Columbia ilitoa matokeo: ufa wa Cascadia umegawanyika katika vipande visivyopungua vinne. Kile cha kuanzia kusini mwa kisiwa cha Vancouver hadi jimbo la Washington ni bapa na laini kuliko vingine, na huenda ndicho cha hatari zaidi.

Picha hizo hazitaji siku ya tetemeko. Zinaonyesha mahali na umbo, na hayo ndiyo mhandisi anayoyahitaji. Mjini Westport, Washington, shule ya msingi ya Ocosta ilijengewa mwaka 2016 paa la kukimbilia wakati wa tsunami, linaloweza kubeba watu zaidi ya 1,000. Majengo ya namna hiyo yatakayofuata katika pwani ile yapimwe kwa picha hizi.