Mkazo Unaangukia Wapi? Uchambuzi wa Nyimbo za Ibada, za Kitabuni na za Bendi

Mabishano ya muziki kanisani yana pande mbili zinazojulikana. Wazee wanataka tenzi za kitabuni, zile walizorithi kwa wazazi wao, ziimbwe kwa sauti nne na kinanda cha taratibu. Vijana wanataka sifa na kuabudu, gitaa la besi, ngoma za kisasa, na maneno yarushwe ukutani kwa projekta. Baraza la wazee hukaa, ibada ya kwanza ikapewa tenzi, ya pili ikapewa bendi, na shauri likahesabiwa limekwisha.

Halijaisha, kwa sababu swali lenyewe halijaulizwa. Wimbo huu umeundwaje, na Kiswahili kimekaaje ndani yake? Ukiuchambua wimbo mmoja mmoja kwa swali hilo, utaona kwamba kasoro kubwa ya nyimbo nyingi za kitabuni imehamia nzima nzima kwenye nyimbo nyingi za projekta. Na dawa yake ilikwisha kupatikana hapa hapa kwetu, tangu miaka ya 1960.

Tuanze na lugha. Karibu kila neno la Kiswahili hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: MU-ngu, BWA-na, m-ko-MBO-zi, i-MA-ra. Refusha neno upendavyo, mkazo utasogea nalo na kukaa pale pale. Maana yake ni kwamba mshororo wa Kiswahili huishia kwa silabi nyepesi. Sauti hupanda hatua moja kabla ya mwisho, kisha hushuka. Washairi wa pwani waliijenga sanaa yao juu ya mwendo huo, na mshororo wa utenzi wenye mizani 8 hutua hivyo kila mara.

Tenzi za Kiingereza zilizoletwa na wamisionari wa karne ya 19 zina mwendo tofauti. Kiingereza kimejaa maneno ya silabi moja, kwa hiyo mshororo huishia kwa kishindo, juu ya silabi nzito. Mtindo mmoja wa tenzi hizo uliozoeleka sana una mishororo minne ya silabi 8 kila mmoja, nyepesi ikifuatwa na nzito hadi mwisho. Hapa ndipo mtego ulipo. Mfasiri alihesabu silabi 8, akakumbuka utenzi nao una mizani 8, akaona vimelingana. Hesabu ililingana kweli, lakini mapigo ya mwisho wa mshororo yalikwenda kinyume.

Tazama kwa karibu ule wimbo wa mwamba uliomo katika kitabu cha Tenzi za Rohoni, unaotokana na Rock of Ages wa Augustus Toplady, na ambao mahadhi yake tunayoyajua ni ya Mmarekani Thomas Hastings. Mshororo wa kwanza una silabi 7 na unaishia kwa neno "imara". Katika mahadhi hayo, silabi tatu za mwisho hukaa kwenye do ya juu, la na so. Do imerefushwa, la ni noti fupi ya kupita tu, na so ndiyo inayoshikiliwa. Sasa liweke neno letu: i- inapewa do ndefu, -ma- inapita upesi kwenye la, na -ra inashikiliwa kwenye so. Silabi ambayo kila mtu huikazia anapoongea imepewa noti fupi kuliko zote, na silabi nyepesi imepewa kiti cha heshima. Msikilizaji aliyeuzoea wimbo tangu utotoni hatashtuka. Mtoto anayeusikia kwa mara ya kwanza huimba sauti kabla ya kulipata neno, na wengi hukua wakiimba hivyo hivyo.

Siusemi vibaya wimbo huo. Umezika wapendwa wetu na kutufuta machozi, na mfasiri alifanya kazi ngumu: mahadhi yalikuwa tayari yamefungwa, fundisho lilikuwa limefungwa, na maneno ya Kiswahili ya silabi moja yanayoweza kukaa mwisho wa mshororo ni machache mno. Lakini heshima kwa wimbo haizuii kuona mshono ulipokaza vibaya.

Zipo tenzi za zamani zilizobahatika. Yesu Kwetu ni Rafiki umejengwa kwa mtindo wa silabi 8 na 7 zikipokezana, na unaanza kwa pigo zito. Kwenye mishororo yake ya silabi 8 Kiingereza chenyewe kinaishia kwa silabi nyepesi, kama sisi. Kwa hiyo katika neno "rafiki" mkazo wa -fi- unaangukia pigo kuu la kipimo, mahali pake hasa. Kwenye mishororo ya silabi 7 tatizo linarudi, lakini nusu ya wimbo imekaa sawa, na wimbo ulioshikika kwa nusu hubebeka. Naamini hiyo ni sababu mojawapo ya waumini wengi kuuimba bila kufungua kitabu.

Dawa yenyewe ilipatikana pale mahadhi yalipoacha kuja yamefungwa.

Katika chuo cha theolojia cha Kilutheri cha Makumira, karibu na Arusha, alifundisha mmisionari Mmarekani Howard S. Olson. Alikusanya mahadhi ya asili ya makabila ya Tanzania, na mkusanyo wake ukajulikana kwa jina la Tumshangilie Mungu. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, Mlutheri Mtanzania aliyekuwa mwanafunzi katika chuo hicho, aliandika kwa mahadhi ya asili ya nchi hii wimbo wa Pasaka uitwao Mfurahini, Haleluya. Walutheri wengi wa Tanzania wanaujua, na madhehebu mengine yanauimba pia.

Hesabu silabi za jina lake. M-fu-ra-hi-ni ni tano, ha-le-lu-ya ni nne, jumla tisa. Mkazo uko kwenye -hi-, silabi ya nne, na kwenye -lu-, silabi ya nane. Kila nusu inapanda hatua moja kabla ya mwisho na kushuka, kama mtu anavyoongea. Mahadhi yanaufuata mwendo huo huo. Beti zinasimulia asubuhi ya ufufuko kwa maneno mepesi, na kila ubeti unarudi kwenye kiitikio kile kile, kiasi kwamba asiyejua kusoma anaingia kwenye wimbo mwishoni mwa ubeti wa kwanza na habaki nyuma tena.

Yaliyofuata yananifurahisha kila ninapoyafikiria. Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliufasiri kwa Kijerumani, na leo umo katika Evangelisches Gesangbuch, kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116. Jina lake huko ni Er ist erstanden, Halleluja. Hesabu tena: silabi tano na nne, mkazo kwenye ya nne na ya nane. Mwaka 1977 Olson mwenyewe alitoa tafsiri ya Kiingereza, Christ Has Arisen, Alleluia. Tano na nne, mkazo kwenye ya nne na ya nane. Safari hii mahadhi yalikuwa ya kwetu, na aliyelazimika kutafuta maneno yanayoishia kwa silabi nyepesi alikuwa mfasiri wa Kizungu. Leupold na Olson waliifanya kazi hiyo kwa uangalifu, hawakuhesabu silabi peke yake, walifuata na mapigo. Ndiyo maana Mjerumani anauimba bila kujikwaa. Huo ndio ufundi ambao tenzi zetu nyingi zilizotafsiriwa zilikuwa zikiuhitaji.

Wakatoliki walikuwa katika njia hiyo hiyo. Padre Stephen Mbunga wa Tanzania alitunga Misa Baba Yetu mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1963 kikatoka kitabu chake kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Tarehe 4 Desemba mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia, ambayo ibara yake ya 119 inataka muziki wa asili wa mataifa yaliyofikiwa na umisioni upewe heshima na nafasi yake katika ibada.

Njia nyingine ya kuurekebisha wimbo wa kigeni haikupitia chuoni kabisa. Uamsho wa Afrika Mashariki uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, uliubeba wimbo Tukutendereza Yesu, kiitikio cha Kiganda kilichotokana na utenzi wa Kiingereza. Wanauamsho hawakuhangaika na beti. Walichukua kiitikio peke yake, wakakiimba bila chombo chochote kila mtu alipomaliza ushuhuda wake, na kikaimbwa kwa Kiganda hata na watu wasiozungumza Kiganda. Utenzi ukageuka pambio. Beti ndizo huhitaji kitabu, na ndizo huwa na makosa mengi ya mkazo. Kiitikio kifupi husuguliwa na vinywa vingi hadi kikalainika.

Sasa tuje kwenye bendi, maana wapo watakaosoma hadi hapa wakidhani naitetea ibada ya kwanza dhidi ya ya pili.

Nyimbo za kuabudu za leo zimegawanyika makundi mawili, na inafaa kuyatenganisha. La kwanza ni zile zilizotafsiriwa kutoka nyimbo za Kiingereza za Marekani, Uingereza na Australia. Hizi zina ugonjwa ule ule wa wimbo wa mwamba, tena umezidi. Kiingereza kinamwambia Mungu "nakupenda" kwa silabi tatu. Kiswahili kinahitaji nne, na tano mtu akisema "ninakupenda". Mfasiri wa karne ya 19 angalau alihesabu silabi. Mfasiri wa leo mara nyingi anabana silabi tano mahali pa tatu na kuziimba mbio. Juu ya hapo, mtindo wa nyimbo hizo hupenda kuingiza neno kabla kidogo ya pigo, jambo linalokubali maneno mafupi na kukataa maneno marefu yanayoungana. Matokeo yake unayasikia: mwimbishaji mwenye kipaza sauti anapita, na kanisa linamfuata nusu neno nyuma hadi linachoka.

Kundi la pili ni nyimbo zilizotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, zenye mwendo wa rumba, wa sebene, au wa ngoma za nyumbani. Hapa mkazo uko sawa karibu kila mara, kwa kuwa mtunzi alianza na maneno yaliyokuwa tayari mdomoni mwake. Nyingi zimejengwa kwa mwimbishaji na waitikiaji, muundo ule ule wa pambio na ule ule wa ngoma za bibi zetu. Kwa kipimo cha ufundi wa lugha, pambio la sebene ni ndugu wa karibu wa wimbo wa Kyamanywa, na wimbo wa kuabudu uliotafsiriwa vibaya ni ndugu wa tenzi zilizotafsiriwa vibaya.

Kasoro ya kundi hili iko kwenye upangaji. Wimbo hurekodiwa kwa sauti ya mwimbaji mmoja mwenye kipaji, kwa ufunguo unaomfaa yeye, na kiitikio cha mwisho kikipandishwa oktava nzima. Mahadhi ya tenzi za zamani yaliwekwa katika eneo la oktava moja na kitu kidogo, kwa kuwa yalitungwa kwa ajili ya watu wa benchi. Bendi inapoupiga wimbo wa albamu kama ulivyo, akina mama wanafika mahali wananyamaza, wanaume wamekwisha kunyamaza kabla yao, na spika zinaficha ukimya huo. Kiongozi wa sifa akiambiwa na mpiga kinanda ashushe ufunguo kwa hatua mbili au tatu, asione amepunguziwa upako. Ashushe. Na ubeti mmoja uimbwe kwa ngoma na makofi tu, vinanda na gitaa vikae kimya, kanisa lijisikie sauti yake lenyewe.

Kwa tenzi za kitabuni, mwalimu wa kwaya ana dawa iliyo mkononi mwake leo. Noti ya mwisho inayoshikiliwa inaweza kugawanywa mbili. Katika mshororo ule wa mwamba, ipe i- noti fupi ya la, irudishe -ma- mwanzoni mwa so ndefu, kisha -ra ishukie kwenye mkia wa noti hiyo hiyo. Neno lililotangulia litavutwa kidogo ili kuijaza do, na kwaya itaizoea kwa mazoezi machache. Kanisa litafuata kwaya.

Kwa hiyo, mwalimu wa kwaya na kiongozi wa sifa, kabla ya kufundisha wimbo wowote, uwe wa mwaka 1890 au wa wiki iliyopita, usomeni kwanza kwa mdomo mkavu kama mnavyoongea, mkipiga makofi penye mkazo. Kisha imbeni mahadhi bila maneno, mkipiga makofi penye mapigo. Makofi yakikutana, fundisheni. Yasipokutana, urekebisheni au mwachieni mwingine autunge upya. Na kamati zinazoandaa matoleo mapya ya vitabu vya nyimbo, tafadhali mketisheni mshairi mmoja wa Kiswahili karibu na mtaalamu wa noti kabla kitabu hakijakwenda kwa mpiga chapa.